Daftari la Kundi la Tatu

Nimekaa pembeni mwa karakana, Cheyo,
kwenye kiti kisicho na mgongo,
daftari magotini.
Kazi yangu ni kuhesabu.
Anayesema, kijiti. Anayemkatiza mwenzake, msalaba.
Anayenyamaza, nafasi nyeupe.

Kundi la tatu: wanafunzi watano na pipa moja la chuma
la kuzungusha masega mpaka asali itoke yenyewe.
Wafuga nyuki wa Sikonge wameomba mashine
isiyodai umeme, inayobebeka kwenye baiskeli.

Wiki ya kwanza Mihayo ana vijiti arobaini na vinne.
Anachora hewani kwa kidole.
Sudi ana misalaba.
Ngassa anauliza bei ya beringi, anauliza tena.
Kalunde anaandika kila kitu kwa wino mwekundu
kwa sababu mwandiko wake, walisema, unasomeka.
Nyanzala: nafasi nyeupe.

Ukutani kuna ile methali ya kidole kimoja na chawa,
rangi ya mafuta, imebanduka upande wa chawa.
Haituambii kidole cha pili kilitokea wapi,
wala kama kilipigiwa simu mara tatu.

Wiki ya nne nikagawa dodoso:
mpe kila mwenzako alama, moja hadi tano.
Wakapeana tano, tano, tano,
kama watu wanaopeana mikono msibani.
Nikaandika, ushirikiano ni mzuri sana.
Nje, Sudi na Mihayo walikuwa hawajasalimiana tangu Jumatatu.

Wiki ya sita mhimili ukayumba.
Walipanga masega manne, wakazungusha,
pipa likaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi,
asali ikapiga dirisha, ikapiga shati la Ngassa.
"Nani alipima?"
Hilo *nani* lilizunguka meza likamgusa kila mmoja
(vijiti ishirini na sita ndani ya dakika tatu,
sijawahi kupata mavuno kama hayo)
mpaka nafasi nyeupe ikasema:

"Milimita mbili. Tundu la chini limekaa upande.
Nililiona wiki ya pili.
Nilimwambia Kalunde, akaandika."

Kalunde akafungua. Ukurasa wa saba. Wino mwekundu.
Hakuna aliyekuwa ameusoma
mwandiko unaosomeka.

Sina alama ya kimya kilichofuata.

Mihayo alikamata pipa upande mmoja,
Sudi akakamata wa pili bila kuambiwa.
Nyanzala akalala chali chini ya meza, tupa mkononi,
vumbi la chuma likimdondokea kwenye nyusi.
Saa mbili usiku umeme ukakatika.
"Mwalimu, tochi."

Kanuni naijua, huwa naifundisha:
mtazamaji hashiki kitu.
Nikaweka daftari juu ya pipa, nikapiga magoti, nikamulika.
"Kushoto kidogo. Hapo hapo. Usipumue."
Sikupumua.

Ripoti inakwenda chuo kikuu mwezi ujao.
Ina majedwali, ina wastani,
ina sentensi moja ya aibu: *siku hiyo mtafiti aliingilia.*
Haina treni ya mizigo iliyopita gizani
ikatetemesha sakafu, vioo, meza,
na mikono tisa ikalirukia pipa kwa mpigo mmoja,
hakuna aliyeagiza, hakuna aliyehesabu,
wa kumi ukiwa na tochi.

Kurasa mbili za wiki ya sita zimegandana kwa asali.
Msimamizi wangu ameuliza takwimu ziko wapi.
Nimempelekea daftari lilivyo,
ndani ya kopo la maziwa, kifuniko kimekazwa,
kwa sababu ya sisimizi.